Tata wa Bitabu na Mji wa Chini ya Maji

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Najua yote mawili. Lakini katika miaka ile, hayo ndiyo maswali ambayo watu wenye marungu waliwauliza wapita njia wa Kolwezi, mji wetu wa migodi. Jibu moja lilikufungulia barabara na jibu jingine lilikufungia. Tangu hapo sipendi kuanza habari za mtu kwa njia hiyo. Nitaanza na miwani yake.

Ilikuwa na mkono mmoja wa kweli. Wa pili aliutengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba, na kwa kuwa shaba huacha rangi, nyuma ya sikio lake la kushoto palikuwa na mstari wa kijani usiotoka kwa sabuni. Alipouliza swali aliisukuma miwani juu kwa kidole gumba. Alipoogopa aliivua. Nilimwona akiivua mara nyingi, maana alikuwa mtu mwoga. Aliogopa mbwa, radi, ngazi, na hasa mashimo ya mgodi. Miaka yote aliyokaa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hakuwahi kusimama ukingoni mwa shimo lililoitwa Mashamba, ambamo nusu ya majirani zake walishuka kila siku.

"Mi naliona mu mawazo," alisema, "na mule tu linaniogopesha ya kutosha."

Maneno ya watu wa Kapata nitayaacha jinsi walivyoyasema. Ukiwa si wa kwetu, soma polepole tu, yatakufungukia: njo ni ndiyo, juu ni kwa sababu, juu ya nini ni kwa nini, mugini ni kijiji au mji.

Alikuwa mtunza maktaba. Kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake klabu, sisi tuliiita serkle, na nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba chenye makabati matatu ya chuma na meza mbili ndefu. Wakubwa na wadogo walimwita Tata wa bitabu. Tata ni baba, na kwetu ni heshima anayopewa mwanamume yeyote aliyekuzidi umri. Yeye naye aliniita "mama" tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuongea na msomaji.

Kabati la kwanza lilikuwa na vitabu vya ufundi na afya. La pili, habari za watakatifu na wafalme. La tatu lilikuwa na vitabu vya dunia za kuwaza, yaani za watu wanaoishi kwenye nyota, za miji inayohama, za nchi ambako miti hukumbuka majina ya waliopita. Bawaba za kabati la tatu ndizo zilizokwisha mapema. Vitabu vingi vilikuwa vya Kifaransa, na kwa wasiokijua alisoma kwa sauti kila Jumamosi saa nane mchana, akikigeuza kuwa Kiswahili chetu sentensi baada ya sentensi. Alipofika mahali pa kutisha alipunguza mwendo, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutetemeka.

Alikuwa mkarimu wa mawazo na bahili wa karatasi. Siku moja aligundua kwamba ukurasa umechanwa. Hakupiga kelele. Alikwenda sokoni, akanunua karanga kwa kila mwanamke aliyezifunga kwenye karatasi, akafungua vifurushi kimoja kimoja.

"Tata, we unapenda kalanga sana leo," mmoja alimwambia.

"Hapana, mama. Natafuta page ya mia moja na mbili."

Aliipata. Alirudi na mfuko umejaa karanga, akazigawa kwa wasomaji, akabandika ukurasa mahali pake na mafuta yake yote.

Sasa nieleze utaratibu wake, kwa sababu ndio ulioniumba. Kila aliyerudisha kitabu cha kabati la tatu alisimama mbele ya meza na kujibu swali moja. Hakuuliza kama umekipenda. Hakuuliza kinahusu nini. Alisukuma miwani na kusema, "Mu ile dunia, nini haiwezekane?"

Mara ya kwanza nilijibu haraka. "Kila kitu kinawezekana, Tata. Bantu banaruka bila mabawa."

Alinirudishia kitabu. "Kama kila kitu kinawezekana, juu ya nini uliogopa wakati mutoto alipotea?"

Nilikisoma tena. Ndipo nikaona kwamba wale watu waliruka, lakini hawakuweza kutua mahali walipokwisha kutua mara moja. Mtoto aliyesahauliwa uwanjani hakuweza kufuatwa na mama aliyemwacha pale. Nilirudi na jibu hilo nikiwa na uchungu kama vile nilimjua mtoto mwenyewe. Tata wa bitabu aliandika jina langu kwenye daftari na kunipa kitabu kingine.

Watu hudhani tunasoma habari za dunia zisizokuwepo ili kutoroka. Hilo lipo, na wala si aibu. Mtu aliyechoka ana haki ya kutoka kidogo. Lakini yeye aliona jambo la pili, nami nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo kwa miaka mingi. Dunia ya kuwaza ina kanuni zake. Mwandishi akishaziweka, hawezi kuzivunja bila wewe kumkamata. Ukijua kisichowezekana, unajua hofu inakaa chumba gani. Unaweza kuiendea, kugonga mlango, kuitazama, na kurudi. Kolwezi yetu ilikuwa inapoteza kanuni moja baada ya nyingine. Treni haikuja siku yake. Unga wa kampuni haukugawiwa. Jirani aliyekuwa akiomba chumvi kwenu alianza kupita bila salamu. Hakuna aliyeweza tena kusema kwa hakika ni kitu gani hakiwezekani kutendeka. Ndiyo maana makabati mawili yalikaa kimya na watu wakapanga foleni mbele ya la tatu.

Katika foleni hiyo alikuwemo mtu ambaye nitamwita Dereva. Aliendesha lori kubwa kule Mashamba, lile ambalo gurudumu lake moja lilimzidi mtu urefu. Hakujua Kifaransa lakini alikumbuka kila hadithi aliyosomewa, na kicheko chake kilisikika mpaka uwanja wa mpira. Halafu pampu za mgodi zikasimama kwa kukosa vipuri, na maji yakaanza kupanda ndani ya shimo. Jumamosi moja alikuja, akakaa, hakucheka.

"Camion yangu iko chini ya mayi," alisema. "Ile ya kazi yangu. Sitaiona tena." Kisha akamtazama Tata wa bitabu. "Kuko kitabu ya bantu banaishi chini ya mayi?"

Walitafuta kabati zima. Hakikuwepo.

"Basi tutaitunga," Tata wa bitabu alisema.

Hivyo ndivyo mji wa chini ya maji ulivyoanza. Dereva alileta karatasi kubwa, mchoro wa zamani wa mgodi wenye muhuri wa kampuni pembeni, nasi tukachora upande wa nyuma. Tulichora mitaa, kisima cha hewa, soko la samaki ambalo samaki ndio waliouza. Kila msomaji alijichagulia nyumba, na ili tusisahau ni ya nani, tuliiandikia namba ya nyumba yake ya Kapata. Kisha ikaja kanuni. Dereva ndiye aliyeileta. Ndani ya maji, alisema, sauti hutembea polepole, kwa hiyo neno lolote humfikia mtu baada ya siku tatu.

"Nikimutukana shemeji yangu leo," alieleza, "atasikia siku ya tatu. Nitakuwa nimekwisha kumuomba pardon."

"Na pardon nayo itachukua siku tatu, bwana," alisema mama mmoja wa nyumba namba arobaini na moja, mjane aliyependa kukaa karibu na soko la samaki. "Utapigwa mbele ifike."

Tulicheka sana. Tata wa bitabu alisubiri tumalize.

"Na muntu akiita bamusaidie?" aliuliza.

"Itafika siku ya tatu," nilisema.

"Njo bei ya ile dunia," alisema, akaiandika chini ya mchoro. Aliamini kwamba dunia ya kuwaza isiyo na bei ni tangazo la sabuni tu.

Mtu huyu aliyeishi katika mambo yasiyokuwepo hakuweza kusema uongo hata mdogo. Tulimcheka kwa hilo. Kijana mmoja alimwomba amwambie mama yake kwamba alishinda maktaba, kumbe alikuwa kwa msichana. Mama alipokuja, Tata wa bitabu alivua miwani na kusema, "Hakuja, mama. Lakini alinituma niseme alikuja." Yule kijana hakumsalimia kwa mwezi mzima.

Nilimuuliza inakuwaje mtu wa hadithi ashindwe kusema uongo. Alinieleza kwa subira, kama kawaida yake. "Hadithi, muntu anaiambia anajua haiko kweli, na mwenye kusikia naye anajua. Ni mapatano. Bongo, ni muntu moja tu anajua." Bongo ndivyo tunavyouita uongo. "Njo maana unaweza kusikia hadithi ya kutisha na ukalala muzuri. Mwenye kuiambia hakukuficha kitu."

Kisha ikaja miaka ya kufukuzana. Ilisemwa kwenye redio na kwenye mikutano kwamba wale ambao baba zao na babu zao waliletwa kufanya kazi kutoka mkoa mwingine wamekula vya wenyeji vya kutosha, warudi kwao. Wengi wao walikuwa hawajawahi kupaona huko "kwao". Vijana walianza kupita mitaani wakipiga filimbi mchana kweupe. Asubuhi nyingine ungeamka ukute milango mitatu ya mtaa wako imechorwa alama ya chaki, na wenye milango hiyo wanajifanya kufagia tu. Nilijifunza kusikiliza filimbi ziko umbali gani. Sisi tulikuwa wa kaskazini ya Katanga, mlango wetu haukuchorwa, na hata hivyo mama aliacha kupika chakula chenye harufu kali. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sote tulielewa kwamba hakutaka tuonekane tupo.

Tata wa bitabu alikuwa mmoja wa wale wanaotafutwa. Aliendelea kufungua maktaba.

Walikuja siku ya Jumanne asubuhi, vijana sita. Mkubwa wao alivaa helmeti ya njano ya mgodi. Nyuma yao alisimama Dereva. Nilikuwa napanga vitabu, na sikuwa na mlango mwingine wa kutokea. Yule wa helmeti alizunguka chumba, akasimama mbele ya mchoro ukutani.

"Hii ni wapi?"

"Haiko fasi yoyote," Tata wa bitabu alijibu.

"Iko na tampon ya kampuni. Iko na manumero ya manyumba." Aliweka kidole. "Makumi ine na moja. Njo nyumba ya shangazi yangu. Nani aliandika nyumba ya shangazi yangu hapa?"

Usimwone mjinga. Nyumba zote za Kapata zilikuwa za kampuni, na nani akae wapi kuliamuliwa na karatasi za namna hiyohiyo, zenye muhuri na namba. Tangu kazi zilipoanza kufa, watu walinong'ona kwamba nyumba zinagawanywa upya kwa siri, wenyeji watolewe na wageni waingizwe. Mtu wa mji mwingine angeona mchoro wa mchezo. Mtu wa Kapata aliona amri ya kuhamishwa.

"Shangazi yako alijiandika yeye mwenyewe," Tata wa bitabu alisema. "Anapenda kukaa karibu na soko."

"Soko gani?"

"Ya samaki. Samaki njo banauzisha."

Mmoja wa vijana alicheka. Yule wa helmeti hakucheka. "Mutu mukubwa, na miwani yake, anaketi anaandika mugini yenye haiko, na anaiwekea manumero. Juu ya nini?"

Hapo nikasema, nikimwita yaya, yaani kaka, "Ni muchezo ya batoto tu, yaya."

"Hapana," Tata wa bitabu alisema. "Si muchezo ya batoto. Bakubwa njo balitunga. Sheria niliandika miye."

Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa amepewa mlango nami, na ameufunga kwa mkono wake. Kisha akavua miwani.

"Bantu banaogopa," alisema. "Mi naogopa sana. Na we unaogopa, batamutoa shangazi yako mu nyumba. Ile tunaogopa haina sura, haina mupaka. Hapa tuliipatia sura na mupaka, juu tuiangalie bila kukimbia. Njo juu ya nini."

Yule wa helmeti aliugeukia ukuta. Jicho lake lilisogea kwenye mchoro, kutoka mtaa hadi mtaa, likashuka mpaka kwenye maandishi ya chini, na kwa muda mfupi nilimwona ni msomaji. Kama angekuwa peke yake, nadhani angeuliza swali la pili. Lakini mmoja nyuma yake akapiga rungu kwenye kabati, na chuma kikalia, na akakumbuka yeye ni nani.

Alimgeukia Dereva. "We unakujaka hapa. Ni kweli ile mugini haiko?"

Dereva alitazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Waliuchana mchoro kutoka ukutani wakauchukua. "Mupaka Jumapili ukuwe umetoka," yule wa helmeti alisema. "Kisha hatutakuja na maswali."

Baba yangu, aliyekuwa fundi mitambo, alikuwa na shauri. Kukaa Kapata hakuwezekani, alisema, kila mtu anamjua. Lakini treni ya kwenda kaskazini ingeondoka Jumapili, na mtu wa kaskazini hakuzuiwa kusafiri. Shida ilikuwa kizuizi, bariere kama tulivyokiita, kwenye barabara ya stesheni. Pale waliuliza kila mtu, na waliosema wanatoka kule kwingine walivutwa nyuma ya ukuta wa ghala. Wengine walitoka bila mizigo yao. Wengine hatukuwaona wakitoka.

"Utasema we ni ndugu ya bibi yangu," baba alimwambia, akimaanisha mke wake. "Tutakufundisha mugini yetu. Utaisema mara moja tu, dakika mbili, basi."

Siku tatu mfululizo, mchana, alikuja kukaa jikoni kwetu nasi tukamfundisha. Jina la kijiji, jina la chifu, mto, samaki wa mto, siku ya soko. Jambo la ajabu ni kwamba alianza kufurahi. Siku ya kwanza alimuuliza baba, "Mu ile mugini, nini haiwezekane?"

Baba alikuna kichwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo kuhusu kwao. "Haiwezekane kupita mbele ya nyumba ya chefu na kofia ku kichwa," alisema hatimaye, kisha akatabasamu, akaanza kutueleza mambo ya utotoni ambayo mimi binti yake sikuwa nimeyasikia. Siku ya pili Tata wa bitabu alimsahihisha baba kuhusu upande wa mto lilipo kanisa. Siku ya tatu angeweza kutembea katika kijiji kile akiwa amefumba macho.

Kisha Jumamosi, alipomaliza kurudia yote bila kosa, akasema hataweza.

"Nimeipenda ile mugini, mama," aliniambia mimi, si baba. "Lakini muntu wa bariere hatajua kama ni hadithi."

"Na ukweli wako batakuua," baba alisema. Sikuwahi kumsikia akimwinulia sauti mtu mzima.

"Najua. Naogopa."

Jumapili asubuhi alitoka na mfuko mmoja. Nilimsindikiza mpaka kona ya uwanja wa mpira. Kutoka pale kizuizi kinaonekana, gogo juu ya mapipa mawili, watu wamejipanga na magodoro na masufuria vichwani. Sikuenda zaidi. Niliagana naye pale, nikautazama mgongo wake ukiingia kati ya migongo mingine, na kabla zamu yake haijafika nikageuka nikarudi nyumbani karibu mbio. Sijitetei. Nilikuwa na miaka kumi na minane na miguu iliamua yenyewe. Lakini kwa miaka mingi baadaye, kila nilipowafundisha watoto, sehemu yangu moja ilikuwa bado pale kwenye kona, ikijiuliza alijibu nini.

Mashimo yalipata wenye kuyachimba upya. Vijana wa filimbi wana mvi sasa, na wengine hunisalimu sokoni kwa heshima, kwa sababu nimewafundisha watoto wao kusoma. Siku moja muuza makaa aliniambia, kama habari ya kawaida, "Ule muzee wenu wa bitabu amerudi. Eko ku Mutoshi, kwa mutoto yake."

Nilikwenda Mutoshi, upande wa machimbo, alasiri ileile. Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye bati, karibu na njia ya wachimbaji. Mwanamke wa rika langu alifungua mlango nusu. Aliuliza jina langu, kazi yangu, baba yangu ni nani, na nani aliyenielekeza. Nilimjibu yote bila kukasirika. Kule Mutoshi maneno yale yalikuwa yameanza kusikika tena, pale wanaume wanapogombea mashimo: nani ni wa hapa, nani si wa hapa.

Tata wa bitabu alikuwa amekaa mbali na dirisha. Macho yake hayakuona tena. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa fundi, alinyoosha mkono hewani mpaka ukanipata.

"Mama," alisema. "Unasoma bado?"

Tuliongea juu ya vitabu, ambavyo wachache wetu tuliviokoa. Nilimweleza kuhusu darasa langu. Kisha nikauliza. Alisubiri mpaka hatua za yule mwanamke zikasikika uani.

"Dereva njo alisimama ku bariere," alisema. "Bengine bote sikubajua. Akaniuliza mbele yabo, 'We wa wapi, Tata?' Nilikuwa nimepanga ukweli, mama. Nilikuwa naurudilia mu njia yote. Nikafungula kinywa, na mugini ya baba yako ikatoka. Na chefu, na muto, na siku ya soko."

"Dereva alijua."

"Alijua. Akaniuliza samaki gani mu ule muto. Nikamujibu. Akasema, 'Ni wa kwetu, apite.' Nikapita. Nikasema mu roho, hii haiko bongo, tuko babili tunajua."

Nilianza kupumua. Yeye hakuwa amemaliza.

"Nyuma yangu kulikuwa binti moja, peke yake. Bantu yake balimupotea mu njia. Alikuwa amesikia jibu yangu. Bakamuuliza, akataja mugini ileile. Bakamuuliza chefu ni nani. Ile hakuisikia vizuri. Akanyamaza. Bakaanza kumuvuta ku ukuta." Aligusa uso wake, mahali ambapo zamani palikuwa na miwani. "Mi nilikuwa nimekwisha kupita. Njia ilikuwa wazi. Nikarudi. Nikasema, 'Muache, ni mutoto yangu, woga njo inamusahaulisha.' Dereva alijua sina mutoto. Akanyamaza, ile namna yake. Bengine hawakujua kitu. Balikuwa kumi, mama, na nilibadanganya bote."

"Ulimuokoa."

"Nilidanganya na nilimuokoa. Mu treni tulisema vile. Kule tulifika, bakatuuliza tena, tukasema vile. Aliolewa na jina yangu. Bwana yake ananiita baba-mukwe. Hatukupata siku moja bila woga, ya kusema ukweli. Na sasa hapa banaanza tena kuuliza, na batoto yake hawajue. Kama batoto banajua, batasema ku njia." Aliugusa mkono wangu. "Njo bei."

Mlango wa uani ulifunguka. Yule mwanamke aliingia na birika na sahani ya viazi vitamu, na nyuma yake msichana wa miaka tisa hivi, mwenye madoa ya wino vidoleni. Msichana alinitazama bila haya.

"Mama mwalimu, ni kweli ulikuwa ku Kapata na babu?"

"Ni kweli."

"Basi ulimujua na mama yangu akiwa mutoto. Mi namuulizaka, hapendi kusema. Alikuwa namna gani?"

Mkono wa yule mwanamke ulisimama juu ya kikombe. Njiani pikipiki ilipita, ikapunguza mwendo, ikaendelea, na sisi wakubwa watatu tuliisikiliza mpaka ikaisha. Mzee hakugeuza uso. Nilijua kwamba nikisema simkumbuki, mtoto atalibeba jibu hilo shuleni kesho, kwa sauti yake ileile nzuri. Miguu ilitaka kukimbia kama siku ile ya kona. Lakini sikuinuka.

"Keti," nilimwambia. "Mama yako alikuwa na kichwa nguvu. Kila Jumamosi tulisomewa bitabu, na kila Jumamosi nilimukuta amekwisha kuketi ku kiti yangu, karibu na dirisha. Namuambia atoke, hatoke."

Msichana alimgeukia mama yake, macho makubwa. Mwanamke aliweka birika chini taratibu. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu aliponifungulia mlango.

"Juu ulikuwa unachelewa," alisema.

Akaanza kunimiminia chai.